Alianguka

Mwaka wa sabini na tatu, mtu wa kijiji cha Wamagana akitaka kumpa binti yake mfano wa mke mvumilivu, alimtajia Magdaline, mke wa Wahome. Alikuwa na miaka arobaini na sita, mwembamba, mabega yameinama kidogo kwa kubeba vikapu vya majani chai, na alikuwa ameokoka tangu kabla ya Uhuru. Mumewe alifanya kazi katika idara ya mifugo huko Doldol, akichanja ng'ombe wa wafugaji. Alikuja nyumbani mara moja kwa mwezi, akalala siku mbili, akaondoka. Watoto wakubwa, Kihara kifungua mimba na wenzake, walikuwa wameshatoka. Waliobaki nyumbani ni wasichana wawili wa shule, na mama mkwe wake, Kabura.

Kabura alikuwa amepita miaka themanini. Miguu ilikuwa bado na nguvu, lakini akili ilikuwa imemtoka kidogo kidogo, kama unga kwenye gunia lililotoboka. Siku nyingine alimwita Magdaline mwizi wa shamba. Siku nyingine alimwita kwa jina la dada yake aliyezikwa zamani. Alijichafua bila kujua, alirarua shuka, alitoka nje bila nguo kwenye baridi. Na tangu asubuhi hadi jioni alikuwa na swali moja.

"Mutahi amefika?"

Mutahi alikuwa mtoto wake wa kwanza. Alipakiwa kwenye lori la askari wa Waingereza wakati wa Hali ya Hatari, na hakuonekana tena. Magdaline aliolewa katika boma lile baadaye, hata sura yake hakuijua. Lakini alikuwa amejifunza kujibu, "Bado, mama. Yuko njiani." Kwa jibu hilo bibi kizee alitulia, mara kwa nusu saa, mara kwa muda wa kumeza mate.

Mambo yalikwenda hivyo kwa miaka mitatu. Watu walipita njiani wakamwona Magdaline ameanika shuka, akaenda kuchuma majani, akarudi mbio kumwangalia mama, akakamua ng'ombe, akaanua shuka. Walisema, "Yule dada ana neema." Yeye alijibu, "Ni Bwana anayenipa nguvu," na alipolisema neno hilo aliliamini.

Mwezi wa saba baridi ilishuka pamoja na ukungu, na jua likapotea wiki mbili. Nguo hazikukauka. Magdaline alizikausha shuka juu ya moto jikoni mpaka zikanuka moshi, na yeye mwenyewe alikuwa na kikohozi kilichomkaa kifuani. Asubuhi moja, yapata saa nne, alikuwa ameshambadilisha Kabura mara mbili. Alimvika gauni la mwisho lililo kavu, akamtandikia shuka ya mwisho iliyo kavu, akamletea uji. Kabura alikitazama kikombe, akakigeuza juu chini. Uji ukatapakaa kitandani.

"Mutahi amefika?" akauliza.

"Mutahi alikufa!" Magdaline alipiga kelele. "Alikufa! Umesikia? Hatakuja, na usiniulize tena!"

Mkono ulikuwa umeshatua shavuni kabla hajajua kwamba ameuinua.

Kabura alianguka upande wa ukuta. Kisha akaanza kulia, na hakuwa akililia shavu. Alilia kama mama aliyeletewa habari siku ile ile, kwa sauti ya zamani, akimwita mwanawe kwa majina ya utotoni. Magdaline alisimama na kikombe mkononi. Alitaka kumkumbatia na mikono haikutaka. Mwishowe aliketi kitandani juu ya uji, akamshika, wakakaa hivyo mpaka kilio kikawa kwikwi.

Baada ya muda bibi kizee alikuwa ameshasahau kwa nini analia. Aligusa mdomo wake, akaona damu kidoleni, akauliza kwa upole, "Ni nani alinipiga?"

"Hakuna aliyekupiga, mama," Magdaline akasema. "Ulianguka."

Alasiri hiyo hiyo walikuja wageni. Mzee Ngatia, kiongozi wa ushirika wa waliookoka, alifika na akina mama wawili. Mmoja wao alikuwa Mama Wamae, jirani wa ng'ambo ya mto. Walitaka Magdaline atoe ushuhuda Jumapili, siku ya akina mama, juu ya kuwatunza wazee. Walimwona Kabura kwenye kiti chake jikoni, mdomo umevimba.

"Haiya! Kumetendeka nini?" Mama Wamae aliuliza.

"Alianguka."

"Pole sana, dada," Mzee Ngatia akasema, akitikisa kichwa. "Wee, unateseka. Lakini taji lako liko juu."

Wakaomba, wakamshukuru Mungu kwa ajili ya moyo wake. Magdaline alifumba macho. Kila sifa waliyoitaja ilimwingia kama mwiba, naye akasema amina pamoja nao.

Jumapili alisimama mbele ya kanisa akiwa na kitambaa cheupe kichwani. Maneno alikuwa ameyapanga tangu Ijumaa: jinsi Bwana alivyomfundisha subira, jinsi mzigo unavyokuwa mwepesi. Alifungua kinywa, akawaona akina mama waliovaa vitambaa kama chake, wamemwelekea, wengine wameshaanza kutabasamu.

"Bwana asifiwe," akasema.

"Asifiwe!"

"Mama hakuanguka. Nilimpiga."

Mtoto alikohoa nyuma, mama yake akamziba mdomo. Magdaline aliendelea kwa sauti ndogo, akaeleza uji, na swali, na mkono, na uongo. Alipomaliza hakujua aende wapi, akabaki amesimama. Ndipo Mzee Ngatia alipokuja mbele kwa haraka, akamshika mabega, na ndugu wa ushirika wakaanza kuimba. Walimzunguka. Walimwombea kwa nguvu, wengine wakilia.

"Shetani ameaibika!" Mzee Ngatia akatangaza. "Dada yetu ameileta dhambi nuruni. Jambo hili limekwisha leo, na halitarudi tena. Semeni amina!"

"Amina!"

Magdaline alipanda kilima kwenda nyumbani akijiona mwepesi kama msichana. Wepesi huo ulidumu siku nane. Alimwogesha mama akiimba. Alijibu "Yuko njiani" mara hamsini kwa siku bila kukaza meno.

Siku ya tisa Kabura alifungua mlango wa boma, ng'ombe akatoka, akaingia katika mahindi ya jirani. Magdaline alimfukuza ng'ombe kwenye matope, akateleza, akaumia goti. Aliporudi alimkuta bibi kizee amesimama pale pale langoni, anacheka. Alimshika mikono, juu ya viwiko, akamtikisa. Alimtikisa mpaka kitambaa kikamtoka kichwani, na nywele chache nyeupe zikaonekana. Kisha akamwachia.

Alipomvua gauni kumwogesha, aliona alama za vidole vyake, nne mkono huu, nne mkono ule.

Hakulia. Alichoka tu, uchovu wa mtu aliyefika juu ya mlima akaona mlima mwingine. Angesimamaje tena kanisani? Ushuhuda una mwanzo na mwisho: zamani nilikuwa hivi, sasa niko hivi. Wa kwake ulikuwa umekataa kufika mwisho. Jumapili iliyofuata alisema goti linauma. Iliyofuata hakusema kitu, hakwenda tu.

Wakati huo habari ya ungamo lake ilikuwa imeshasafiri. Ilishuka Karatina, ikafika Kutus, ambako Watiri, dada yake Wahome, alikuwa ameolewa, akiuza mchele na nyanya sokoni. Watiri alikuja kwa basi la asubuhi. Hakukubali kiti.

"Ati unampiga mama yangu?"

"Nilimpiga," Magdaline akajibu.

"Na unasimama kanisani kusema, upigiwe makofi!"

"Hawakupiga makofi."

"Mimi sitaki maneno. Mfungie nguo zake. Mama hawezi kukaa kwa mtu wa mikono kama hiyo."

Magdaline alizikunja nguo za Kabura katika shuka, akatia blanketi zito na kikombe cha bati alichokipenda. Alitaka kumweleza Watiri kwamba mama hali kitu cha moto, kwamba anaogopa mlango uliofungwa, kwamba akiulizia Mutahi ajibiwe yuko njiani. Watiri alikuwa ameshageuka. Waliteremka kwenye barabara, bibi kizee akivutwa mkono, akitazama nyuma bila kujua anatazama nini.

Nyumba ikawa kimya. Magdaline aliketi kitandani kwa Kabura, apumzike kidogo, akalala na viatu miguuni. Aliamshwa na wasichana wakirudi kutoka shule. Kesho yake akalala tena mchana. Siku ya tatu aligundua kwamba anafurahi. Furaha ile ilimwogopesha kuliko kofi.

Wiki ya pili Mchungaji Moffat wa kanisa lao alikuja. Alikuwa mzee aliyebakiza mwaka mmoja kustaafu, na baiskeli yake aliisukuma kilima chote kwa sababu magoti yalikataa kukanyaga. Aliketi kwenye benchi nje ya jikoni, akavuta pumzi muda mrefu kabla ya kusema lolote. Magdaline alimpa chai.

"Hatukuoni," mchungaji akasema.

"Sina cha kuleta, mchungaji."

"Si lazima ulete kitu."

Magdaline alitazama chini. Kisha akamwambia yote: siku ya tisa, alama za vidole, ile furaha. Alisema haraka haraka kama mtu anayemwaga maji machafu.

"Nilisema mbele ya watu wote. Wakaniombea. Wakasema imekwisha. Mimi nilisema nimeokoka, mchungaji, miaka kumi na mitano."

"Na umeokoka."

"Aliyeokoka anampiga kikongwe?"

Mchungaji Moffat aliikoroga chai yake ingawa sukari ilikuwa imeshayeyuka. "Inaonekana ndiyo," akasema.

Hilo Magdaline hakulitegemea. Alimtazama usoni.

"Ile sala ya toba tunayoisoma kila Jumapili," mzee akaendelea, "mimi nimeisoma miaka thelathini na moja. Unafikiri nawasomea nyinyi tu? Kuna ndugu yangu wa tumbo moja pale Gichira, hatujasemezana mwaka wa sita huu. Kisa ni mpaka wa shamba, upana wa jembe moja. Nimeomba. Nimepanda baiskeli nimeenda. Nikifika langoni kwake, nageuza. Halafu Jumapili navaa kanzu na kuwaambia watu wasameheane."

"Na Mungu anasema nini?"

"Kwangu hajasema kitu. Lakini hajanifukuza." Akanywa. "Sikuambii kwamba kofi si kitu, mama Kihara. Ni dhambi, na yule mama aliumia. Usije ukaizoea. Ila nakuona unamwomba Mungu akufanye mtu asiyechoka, na sijui kama aliwahi kumwahidi mtu jambo hilo. Yesu mwenyewe alichoka, akaketi chini, akaomba maji kwa mwanamke asiyemjua. Wewe uliomba maji kwa nani?"

"Nani angenipa?"

"Sikuuliza hivyo. Niliuliza ulimwomba nani."

Magdaline alifikiri. Mama Wamae alikuwa amemwambia mara mbili, "Niite siku ya kufua." Msichana mmoja wa kwaya alijitolea kukaa na bibi siku za kuchuma majani. Wote aliwajibu neno lile lile, kwamba Bwana anampa nguvu. Na aliona sasa, pale benchini, kwamba alilipenda lile neno. Alipenda lilivyosikika, na alipenda walivyoondoka wakitikisa vichwa kwa mshangao.

"Sikumwomba mtu," akasema. "Nilitaka waone naweza."

Mchungaji hakumkemea wala kumsifu. Alimwombea kwa maneno machache, akauliza kama anaweza kupata chai nyingine, kisha akaondoka akiikokota baiskeli yake.

Siku mbili baadaye, saa sita mchana, Watiri alitokea njiani akiwa na Kabura. Walikuwa wamelowa. Bibi kizee alikuwa amekonda, na alikwenda moja kwa moja kukaa kwenye kiti chake karibu na moto kana kwamba ametoka kuteka maji tu. Watiri alibaki mlangoni. Uso wake ulikuwa umebadilika, macho yameingia ndani.

"Ingia, mvua itakumaliza," Magdaline akasema.

Watiri aliingia, akaketi. Magdaline alimvua mama mkwe sweta lililolowa. Akaona mikono. Kuzunguka kifundo cha kila mkono kulikuwa na mstari mwekundu uliochubuka.

Watiri naye aliona kwamba ameona.

"Nilimfunga," Watiri akasema. "Kwa leso, kwenye kitanda. Nilikuwa natoka kwenda soko kidogo tu, kwa sababu siku ile ya kwanza alitoka akafika kwenye mfereji wa maji. Ati nilisema ni mara moja. Ikawa kila siku. Nilikuja hapa kukutukana, mama Kihara. Na mimi ni mtoto wake wa kuzaa."

Jambo la kwanza lililompata Magdaline lilikuwa furaha mbaya, kali, ya nukta moja: na wewe pia. Aliisikia ikipita kifuani, akaona aibu, ikapita. Ikabaki kwamba kuna mwanamke mwingine mbele yake aliyechoka kama yeye, nguo zinamchuruzika maji sakafuni.

"Hata mimi nilirudia," akamwambia. "Baada ya kuombewa. Nilimshika mikono nikamtikisa."

Watiri aliinua kichwa.

"Halafu?"

"Halafu hakuna. Nilikaa hapa."

Magdaline akachukua mafuta ya kujipaka, akampa Watiri kibati, na kila mmoja akashika mkono mmoja wa Kabura wakampaka pale palipochubuka. Bibi kizee aliwatazama kwa zamu, akauliza Mutahi amefika. Wote wawili walijibu pamoja, yuko njiani, na Watiri akaanza kulia.

Alikaa siku nne. Walizungumza zaidi katika siku zile kuliko miaka yote ya kuwa mawifi. Walikubaliana kwamba Watiri atakuja wiki moja kila mwezi, mchele umalizike au usimalizike. Magdaline alimwandikia Wahome barua Doldol, ya kurasa mbili, ambayo haikusema kwamba wote ni wazima. Ilisema: siwezi peke yangu, na nimemuumiza mama yako. Wahome alikuja kabla ya mwisho wa mwezi. Alikuwa mtu wa maneno machache. Alizunguka boma, akakata miti, akaweka uzio na lango lenye komeo la juu, na jioni ya mwisho alimwambia mkewe akiwa amempa mgongo, "Mimi ndiye niliyekuachia." Ndiyo iliyokuwa toba yake, na Magdaline aliipokea hivyo hivyo ilivyokuwa.

Alhamisi iliyofuata alikwenda kwenye ushirika. Walikuwa kama watu ishirini katika nyumba ya Mzee Ngatia, wamebanana kwenye viti na mikeka. Walimpokea kwa furaha. Mzee Ngatia akasema dada aliyepotea amerudi, awaambie ushindi ambao Bwana amempa.

Magdaline alisimama.

"Bwana asifiwe. Sina ushindi," akasema. "Nilirudia kosa lile, baada ya siku nane. Nafikiri naweza kurudia tena, na naogopa. Nampenda Yesu, na nimechoka. Sijui kuyatenganisha hayo mawili. Niombeeni. Na Jumanne nahitaji mtu wa kunisaidia kumwogesha mama, kwa sababu ananishinda kumwinua na goti langu bado halijapona."

Hakuna aliyeanzisha wimbo. Mtu mmoja alijisogeza mkekani. Magdaline alibaki amesimama, mashavu yanawaka, akifikiri kwamba labda amekosea mahali.

"Jumanne siwezi," Mama Wamae akasema kutoka pembeni. "Naenda kliniki na mtoto wa binti yangu. Jumatano nitakuja."

"Hata Jumatano ni sawa," Magdaline akajibu, akaketi.

Baada yake akasimama mwanamume mmoja kuombea mvua, na ushirika ukaendelea.

Jumatano Mama Wamae alichelewa. Alifika karibu saa sita, akilalamika juu ya matope ya mtoni na mkwewe asiyejua kuchemsha hata viazi. Maji yalikuwa yamepoa, ikabidi yapashwe moto tena. Walimwingiza Kabura kwenye karai jikoni, naye akawatukana wote wawili na wazazi wao. Akampiga Magdaline kofi la maji usoni, mara ya kwanza, mara ya pili.

"Mama, acha!" Magdaline akafoka, sauti ikagonga mabati.

Akashtuka. Akamtazama Mama Wamae. Mama Wamae alikuwa ameinama, mikono ina povu mpaka kwenye viwiko.

"Mshike upande huo," akasema, "nimsugue mgongo."